Mtoto kaandika "si mamalia wote huzaa", mwalimu kampa kosa. Kuna mamalia anayetaga mayai kweli?

#1 MamaNeema_Kihonda
Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada, na kama humu kuna walimu au watu wa baiolojia wajitokeze.

Binti yangu yuko darasa la tano. Juzi walipewa zoezi la sayansi, swali mojawapo lilikuwa "Kweli au si kweli: mamalia wote huzaa watoto." Akaandika si kweli. Kapewa kosa. Akanyoosha mkono, akamwambia mwalimu kuna mnyama anaitwa ekidna, anataga yai halafu anamnyonyesha mtoto. Akajibiwa kuwa wanaotaga ni ndege, nyoka, samaki na vyura, aache ubishi. Wenzake wakacheka, na sasa wanamwita Mama Yai. Jana kalala bila kula.

Anasema alimwona huyo mnyama kwenye kipindi cha wanyama nyumbani kwa mjomba wake. Mimi niliishia kidato cha nne na tulifundishwa mamalia wanazaa. Sitaki kwenda shuleni kugombana kwa jambo nisilolijua. Yupo kweli? Na kama yupo, kwa nini aitwe mamalia?

#2 Kipanga wa Ilala
Dada, mwalimu yuko sawa. Kitu kikitaga ni jamii ya ndege au nyoka, basi. Video za siku hizi zinatengenezwa na kompyuta. Mpunguzie mtoto simu.

#3 Shangazi Tanga
> Kitu kikitaga ni jamii ya ndege au nyoka

Na popo anayeruka na kunyonyesha utamweka wapi, Kipanga? Tusubiri wenye ujuzi.

#4 DaktariWaMifugo
MamaNeema, mpe mwanao pole na umwambie yuko sahihi.

Kinachomfanya mnyama awe mamalia ni maziwa. Jike anatengeneza maziwa mwilini mwake na kumlisha mtoto. Ongeza nywele mwilini, taya la chini lenye mfupa mmoja kila upande, na vifupa vitatu vidogo ndani ya sikio. Kuzaa hakumo. Nyoka wengine wanazaa, kifutu wetu huyu wa porini anazaa watoto hai kwa makumi, na hakuna anayemwita mamalia.

Mamalia wanaotaga wapo, wanaitwa monotremata. Wapo wa aina mbili: ekidna na yule mwenye mdomo kama wa bata. Wanapatikana Australia na kisiwa cha Guinea Mpya peke yake. Jina monotremata linatokana na Kigiriki, maana yake "tundu moja", kwa sababu mkojo, kinyesi na yai vyote hupitia mlango mmoja kama kwa kuku.

Ekidna jike hutaga yai moja tu, dogo kama zabibu, ganda lake laini kama ngozi. Analitagia moja kwa moja kwenye mfuko ulio tumboni mwake. Baada ya siku 10 hivi linaanguliwa. Mtoto hana hata nusu ya uzito wa yai, ni chini ya gramu moja, kipofu, hana unywele. Anakaa humo mfukoni akinyonya wiki sita hadi nane, mpaka miiba inapoanza kuchomoza. Hapo mama anamtoa, na hakuna mama wa kumlaumu.

#5 Kipanga wa Ilala
Nimesoma. Nauliza kwa nia njema: si huyo ni nungunungu tu wa huko Australia? Ana miiba, anachimba, anakula wadudu. Labda wazungu walikuta yai la nyoka kwenye shimo lake wakadhani ni lake.

#6 Mwl. Bahati
Nungunungu na kalunguyeye tusiwachanganye kwanza. Nungunungu ni yule mkubwa mwenye miiba mirefu myeusi na myeupe, ni jamii ya panya, anakula mizizi na mihogo ya watu. Kalunguyeye ni yule mdogo anayejikunja kama mpira, anakula wadudu. Wote wawili wanazaa, na wenyewe kwa wenyewe si ndugu.

Ekidna si ndugu wa yeyote kati yao. Miiba yake ni nywele zilizokuwa ngumu, kama ilivyo kwa hao wengine, lakini kila mmoja kaipata kwa njia yake. Ukimgeuza ekidna utakuta manyoya ya kawaida katikati ya miiba, pua ndefu kama mrija, hana jino hata moja, na nyayo za nyuma zimeelekea nyuma kama mtu aliyevaa viatu kinyume.

Na kwa kuwa tumemgusa nungunungu: harushi miiba. Anakurudia kinyumenyume, mwiba unabaki kwako. Hata huo "ukweli" nimeusahihisha darasani mara nyingi sana.

#7 Mwana wa Handeni
Kwetu wazee wanasema kakakuona ndiye anayetaga. Babu yangu alikuwa mwindaji na alituambia magamba yale ni ushahidi kwamba ni jamii ya mamba. Sasa huyo si monotremata wetu?

#8 DaktariWaMifugo
Mwana wa Handeni, kwa heshima ya mzee: kakakuona anazaa. Kwa kawaida mtoto mmoja, na mama hutembea naye kapanda juu ya mkia. Magamba yake ni kitu kilekile cha kucha zako.

Lakini umegusa jambo zuri. Kakakuona, muhanga na ekidna wote wana pua ndefu, ulimi mrefu wenye ute na makucha ya kubomolea vichuguu, na hawana undugu wa karibu. Kazi imewafinyanga. Anayeishi kwa mchwa na sisimizi mwisho wake anafanana na wenzake wa kazi hiyo, kama wavuvi wa pwani mbalimbali wanavyotengeneza nyavu zinazofanana bila kuonana.

#9 Bin Kombo
Nimekaa pale nasoma. Huyo mwenye mdomo wa bata anaitwaje kwa Kiswahili?

#10 Shangazi Tanga
Nimewahi kuona "kinyamadege". Jina tamu lakini linapotosha, kwa sababu huyo hana udege wowote. Hata mdomo wake si mgumu kama wa bata, ni ngozi laini.

#11 Kipanga wa Ilala
Basi mwiteni domobata, tusonge.

#12 Mkimbizi wa Zamani
Jambo bandugu. Mimi ni mtu wa Uvira, niko Toowoomba, Queensland, mwaka wa tisa sasa. Huyu mnyama ninamuona na macho yangu, si video.

Mara ya kwanza ilikuwa asubuhi, natoka kazi ya usiku. Nikaona kitu kinavuka barabara polepole, kinayumbayumba kama bibi kizee. Nikasimamisha gari, nikashuka nimsaidie asikanyagwe. Aliponisikia hakukimbia. Alianza kuzama! Anachimba kwa miguu yote minne kwa wakati mmoja, anashuka wima chini, mpaka ikabaki miiba tu juu ya udongo. Nikajaribu kumshika, hatoki. Amejikaza kama mzizi. Jirani yangu Mwaustralia akanicheka, akasema muache, akishajishindilia hivyo hakuna wa kumng'oa.

Hapa senti 5 ina picha yake, na senti 20 ina picha ya yule wa mdomo wa bata. Watoto wangu wanajua wanataga tangu shule ya awali. Mwambie Neema baba mmoja wa Australia anamsalimia.

#13 MamaNeema_Kihonda
Mkimbizi wa Zamani, Mungu akubariki. Nimemsomea bandiko lako mara mbili, kacheka hapo kwa bibi kizee. Anauliza: ananyonyaje, mdomo wa mtoto ukoje na chuchu ikoje?

#14 DaktariWaMifugo
Swali kubwa hilo. Chuchu hakuna! Maziwa yanatoka kwenye vijitundu vingi vya ngozi, sehemu mbili tumboni, yanalowesha manyoya, na mtoto anayafyonza hapo. Mtoto wa ekidna yuko ndani ya mfuko. Mtoto wa kinyamadege yuko kwenye shimo kando ya mto, maana mama yake hana mfuko, mayai yake mara nyingi mawili anayakumbatia kati ya tumbo na mkia.

Mtoto wa ekidna akishatolewa mfukoni anaachwa kwenye shimo, mama anakwenda kutafuta chakula na kurudi kila baada ya siku kadhaa, tano hivi, anamnyonyesha maziwa mengi kwa mkupuo kisha anaondoka tena. Analelewa hivyo mpaka karibu miezi saba.

#15 Nyuki Mkali
Wakuu mnawasifia lakini hamjasema kwamba kinyamadege ana sumu inayoua mtu kwa dakika chache. Nimeisoma mahali.

#16 Mwl. Bahati
Sumu ni kweli, kuua mtu si kweli. Dume ana kipi kwenye miguu ya nyuma, kama cha jogoo, na ndani kinapitisha sumu. Jike hana. Inaongezeka msimu wa kupandana, kwa hiyo wengi wanaamini ni silaha ya madume kupigania majike. Mbwa wameshakufa kwa sumu hiyo. Kwa binadamu hakuna kifo kilichoandikwa, ila maumivu yake yanadumu siku nyingi na hata morfini haiyatulizi vizuri. Ekidna dume naye ana kipi, lakini hakina sumu ya kudhuru.

#17 Nyuki Mkali
Nimekubali mwalimu. Lakini mtu aliyelia siku nyingi na morfini ikashindwa, mimi ningemwambia kafa kidogo.

#18 Mdau wa Nyeri
Sasawa wadau, niongeze kidogo halafu nisahihishe pia. Daktari #4 amesema aina mbili. Ni kweli makundi ni mawili, lakini spishi zilizo hai ni tano: kinyamadege mmoja, ekidna wa pua fupi mmoja, na ekidna wa pua ndefu watatu. Hawa watatu wako Guinea Mpya tu, na wanakula sana nyungunyungu kuliko sisimizi.

Mmoja kati ya hao watatu ana kisa. Alipewa jina la David Attenborough, yule mtangazaji wa vipindi vya wanyama. Sayansi ilimjua kwa mzoga mmoja tu uliookotwa mwaka 1961 kwenye milima ya Cyclops, upande wa Indonesia. Miaka zaidi ya 60 hakuna mwanasayansi aliyemwona hai. Mwaka 2023 kikundi cha watafiti wakiwa na wenyeji wa kule kilipandisha kamera za kujipiga zenyewe mlimani, wakakaa wiki kadhaa na malaria na ruba. Picha za ekidna zilipatikana kwenye kadi ya mwisho kabisa, siku ya mwisho. Mimi hiyo habari ilinitoa machozi, siwafichi.

#19 DaktariWaMifugo
Mdau wa Nyeri, asante, spishi tano, nimesahihishwa.

#20 Bin Kombo
> wakiwa na wenyeji wa kule

Hapo ndipo. Maana wenyeji walikuwa wanamjua siku zote. "Amegunduliwa" ni neno la aliyechelewa.

#21 Shangazi Tanga
Bin Kombo umenigusa, na hii ndiyo sehemu inayoniuma kwenye historia ya hawa wanyama, naomba niieleze.

Ngozi ya kinyamadege ilipofika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1790, mtaalamu George Shaw aliielezea kitabuni mwaka 1799 huku akikiri ana shaka kwamba kuna mtu kashona mdomo wa bata kwenye mwili wa mnyama. Walitafuta nyuzi. Ekidna alikuwa ameshaelezwa na huyohuyo Shaw mwaka 1792, akawekwa kundi moja na walamchwa wa Amerika.

Baada ya hapo wakabishana karibu miaka 90 kama wanataga au hawatagi. Wapo waliosema wananyonyesha kwa hiyo haiwezekani watage, yaani hoja ileile aliyopewa Neema. Wapo waliosema wanataga kwa hiyo yale si maziwa. Muda wote huo wenyeji wa Australia walikuwa wanasema: tunawala, tunayajua mashimo yao, wanataga. Hakuna aliyewaandika kama mashahidi.

Mwaka 1884 kijana mmoja wa Cambridge, William Caldwell, akaweka kambi mto Burnett huko Queensland. Waliomtafutia wanyama ni hao wenyeji, zaidi ya mia moja. Aliwalipa nusu-kraun kwa kila ekidna jike, na unga, chai na sukari aliyowauzia mwenyewe alivipandisha bei kadiri ekidna walivyoongezeka. Mamia ya wanyama wakauawa. Akampata kinyamadege jike aliyekuwa ametaga yai moja, la pili likiwa njiani. Akapeleka simu ya maandishi ya maneno manne, ikasomwa kwenye mkutano wa wanasayansi Montreal tarehe 2 Septemba. Siku hiyohiyo, bila kujuana, Wilhelm Haacke alikuwa Adelaide akiwaonyesha wenzake yai alilolikuta kwenye mfuko wa ekidna.

Majina mawili hayo ndiyo yamebaki vitabuni. Ya wale zaidi ya mia moja hayapo.

#22 Mkimbizi wa Zamani
Shangazi, umesema vizuri sana. Hapa nina rafiki mwenyeji, mzee. Anasema ekidna ni nyama tamu, yenye mafuta, na bibi yake alijua msimu ambao usimguse jike. Hiyo pia ni sayansi.

#23 Kipanga wa Ilala
Sawa, nimekubali wanataga, Neema nisamehe mjomba wako. Lakini nina swali linaloninyima usingizi. Kwa nini wako Australia peke yake? Kwa nini sisi Afrika, wenye kila mnyama, hatuna hata mmoja?

#24 Ustadh Mwinyi
Mwenyezi Mungu anaumba atakacho, mahali atakapo. Nimefurahi kusoma, nimejifunza. Kwangu mimi jibu la Kipanga limeishia hapo, wengine endeleeni.

#25 Mdau wa Nyeri
Ustadh, heshima. Upande wa sayansi: zamani sana Australia, Antaktika na Amerika Kusini zilikuwa zimeshikana, na Afrika ilikuwa imeshajitenga nazo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilipatikana jino la ndugu wa kinyamadege Patagonia, Argentina, la miaka milioni 61 hivi. Kwa hiyo hawakuwa wa Australia peke yake. Australia ikajitenga, ikawa kama kisiwa, mamalia wanaozaa kama sisi hawakufika kwa wingi kuwanyang'anya riziki. Wakabaki.

#26 Mwl. Bahati
Hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye vitabu vyetu chuoni, ila ina tundu. Australia ilijaa wanyama wa mfuko, kangaruu na jamaa zake, na hao ni washindani. Waliwashinda monotremata karibu kila mahali. Kwa nini hawa wachache walipona?

Mwaka 2009 watafiti wa huko walipendekeza jibu: maji. Mtoto wa mnyama wa mfuko anang'ang'ania chuchu muda wote, mama akizama mtoto anakufa. Kwa hiyo mtoni hakukuwa na ushindani. Mababu wa kinyamadege walipona mtoni, na ekidna ni tawi lililorudi nchi kavu baadaye. Tazameni zile nyayo za nyuma zilizogeukia nyuma: kinyamadege anazitumia kama usukani.

#27 DaktariWaMifugo
Mwalimu, hoja nzuri lakini kuna mnyama wa mfuko Amerika Kusini anaitwa yapok. Anaogelea, na mfuko wake unajifunga maji yasiingie, watoto wakiwa ndani. Kwa hiyo "haiwezekani" ni neno zito.

#28 Mwl. Bahati
Daktari, yapok ni mmoja tu kati ya wanyama wa mfuko zaidi ya 300. Huyo anathibitisha ugumu wake.

Na kuna jambo la umeme. Mdomo wa kinyamadege una vipokezi vya umeme kama 40,000. Anapozama anafumba macho, masikio na pua, anamtafuta mdudu kwa kuhisi umeme wa misuli yake. Ekidna wa pua ndefu ana kama 2,000, wa pua fupi kama 400. Chombo cha majini kinafanya nini kwa mnyama wa nchi kavu, kama si kumbukumbu ya mtoni?

#29 DaktariWaMifugo
Labda kinafanya kazi kwenye udongo wenye unyevu. Guinea Mpya kuna mvua nyingi, ndiyo maana wa huko wana vingi. Wapo wanaosema ekidna na kinyamadege walitengana zamani sana na babu yao hakuwa lazima wa majini. Mimi naona uthabiti wao ni kutotumia sana. Joto la mwili wa ekidna ni nyuzi 31 hadi 33 hivi, sisi tuna 37. Anakula kidogo, anapumzika sana, kwenye baridi analala usingizi mzito wa wiki nyingi. Moto wa msituni ukija anajichimbia, anapunguza joto lake na kusubiri wadudu warudi. Anayehitaji kidogo haondolewi kirahisi.

#30 Mdau wa Nyeri
Mwaka 2025 watafiti wa Sydney walitoa kazi juu ya mfupa wa mkono wa mnyama wa kale anayeitwa Kryoryctes, wa zaidi ya miaka milioni 100, uliookotwa Dinosaur Cove, pwani ya kusini mwa Australia. Kwa nje unafanana na wa ekidna, ndani ni mzito kama wa kinyamadege, mfupa wa mpiga mbizi. Hilo linambeba mwalimu.

#31 DaktariWaMifugo
Mfupa mmoja, mkuu. Nasubiri wa pili.

#32 Kipanga wa Ilala
Nimeuliza swali moja, nimepewa majibu manne na ugomvi wa heshima. Endeleeni, nakaanga dagaa huku nasoma.

#33 Nyuki Mkali
Niwachomoe kidogo. Kuna aliyesoma habari ya Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo? Katikati ya vita ya pili aliomba apelekewe kinyamadege. Mwaka 1943 Waaustralia wakampakia mmoja melini, naye akaitwa Winston. Alikufa siku chache kabla ya kufika Uingereza. Ilisemwa ni mabomu ya kuwindia nyambizi ndiyo yaliyomshtua.

#34 Mdau wa Nyeri
Nimeisoma. Walioichambua upya kumbukumbu ya safari wanasema maji ya tangi lake yalikuwa yanapanda joto kupita kiasi meli ilipokuwa ikivuka ukanda wa tropiki. Joto ndilo lililomuua, mabomu yalikuwa kisingizio. Hata ekidna joto linamtesa. Hatoki jasho wala hatweti kama mbwa. Mwaka 2023 watafiti wa huko Australia magharibi walipima wakakuta anapuliza mapovu ya kamasi puani, yanapasuka, unyevu unampoza damu kwenye ncha ya pua.

#35 Shangazi Tanga
Jamani mnyama wa watu kachukuliwa kwao kwa sababu mkubwa katamani. Inatosha.

Tumrudie Neema. Mwl. Bahati, wewe ndiye uko darasani. Huyu mama afanyeje?

#36 Mwl. Bahati
Niwatetee wenzangu kidogo. Mwalimu wa darasa la tano anafundisha masomo mengi, watoto wengi, na kitabu kimemwandikia "mamalia huzaa na kunyonyesha". Akisema vile hana nia mbaya. Kosa ni kumcheka mtoto, au kuwaacha wengine wamcheke.

MamaNeema, nenda bila hasira, na umkute peke yake. Usimpeleke mbele ya mkuu wa shule. Mwambie: mwanangu amesoma juu ya ekidna, naomba umpe dakika tano aeleze darasani. Kwa jibu la mtihani, mwambie sentensi sahihi ni "mamalia wengi huzaa, wote hunyonyesha". Mimi nilipoanza kazi niliwahi kumpa mtoto kosa kwa kuandika nyangumi si samaki. Nilirudi kesho yake nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Heshima yangu haikupungua.

#37 Bin Kombo
Mwalimu, hapo umetisha. Nimeinakili.

#38 Mwana wa Handeni
Mimi bado nawaza. Kati ya maziwa na kuzaa, kipi kilitangulia? Maana kama hawa wanataga na wananyonyesha, maziwa yalikuwepo kabla watu hawajaanza kuzaa?

#39 DaktariWaMifugo
Ndivyo inavyoonekana. Ukoo wao na wetu uliachana zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita, na pande zote mbili zina maziwa. Kwa hiyo babu wa wote alitaga na kunyonyesha. Wapo wanaodhani maziwa yalianza kama jasho la kulowesha mayai yenye ganda laini yasikauke, baadaye watoto wakaanza kulilamba. Wengine wanaona yalianza kama kinga dhidi ya vijidudu, maana mtoto asiye na kinga anayelamba ngozi anahitaji dawa kabla ya chakula. Mimi naegemea la pili, ila sijamshawishi hata mke wangu.

#40 Mwana wa Handeni
Kwa hiyo swali sahihi si kwa nini ekidna anataga. Ni kwa nini sisi tuliacha.

#41 Kipanga wa Ilala
Mwana wa Handeni umeniunguzia dagaa.

#42 MamaNeema_Kihonda
Nimerudi wakuu, samahani kwa kukawia. Leo nilikwenda shuleni kama Mwl. Bahati alivyoelekeza. Mwalimu alinisikiliza. Alisema kitabu hakisemi hivyo na atauliza kwa wenzake, kosa halijafutwa bado. Lakini amekubali Neema aeleze Ijumaa. Sasa mtoto hakai, anatengeneza bango. Ana maswali mawili ya haraka: yai halina ganda gumu, mtoto analipasuaje? Na mtoto amchore na miiba mingapi?

#43 DaktariWaMifugo
Anazaliwa na kijino kwenye ncha ya pua, kwa ajili ya kupasulia yai tu, kisha kinaanguka. Vifaranga na watoto wa nyoka nao wana kitu cha namna hiyo.

Miiba asimchoree hata mmoja. Awe wa pinki, kipara, macho yamefumba, mikono ya mbele imara kuliko ya nyuma, maana ndiyo anayoshikilia manyoya ya mama. Ukubwa: sentimita moja na nusu.

#44 Mkimbizi wa Zamani
Mwambie akitaka amchoree na senti 5 pembeni, apime. Mtoto anaenea ndani ya ile sarafu.

#45 MamaNeema_Kihonda
Anauliza kama unaweza kupiga picha ya hiyo sarafu.

#46 Mkimbizi wa Zamani
Niko kazini. Kesho asubuhi.